Mayai Mawili Yenye Magamba

Nije nisije?
Njoo, kigoda kipo!
Nije na nini?
Njoo na uongo mtamu!
Mola anisamehe, ninao.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakisema, alikuwapo Bi Arafa, kakakuona, na bintiye Siwema. Mfalme wa kwao akaamuru kila mwenye magamba avuliwe, yaezekwe paa la ikulu. Wakakimbia. Wakavuka mto, wakavuka jangwa, wakavuka mto mwingine, hata wakafika nchi ya heroe, ndege wekundu wa miguu mirefu.

Sasa, kwa kakakuona, adabu ya kumwamkia mkubwa ni kujikunja kama mpira, wala hujikunjui mpaka uambiwe uinuke. Jumbe wa heroe akatokea. Mama akajikunja, mtoto akajikunja. Heroe adabu hiyo hawaijui.

"Mayai ya nani haya?" akauliza Jumbe.

"Si yangu," akasema wa kwanza.

"Si yangu," akasema wa pili.

"Basi yangu," akasema Bi Kidawa, ajuza asiyejaliwa mtoto. Akayapanda yote mawili, miguu ikining'inia.

Mvua ikanyesha, kakalia. Jua likawaka, kakalia. Upepo ukavuma, kakalia.

Siwema akanong'ona kwamba mgongo unamuuma. Mama akamwambia avumilie, bado hawajaambiwa wainuke. Tena walishamsikia Jumbe akitangaza kwamba nchi imejaa, anayekaa ni aliyeanguliwa humo tu.

Manyoya ya Bi Kidawa yakamtekenya Siwema puani. Akapiga chafya, akakunjuka.

Vigelegele! Yai limepasuka! Jumbe akasema huyo ni wao. Wakaligeukia lile kubwa, wakaliimbia nalo lipasuke.

Bi Arafa angejikunjua tu, mambo yakaisha. Lakini moyo ukamsuta. Akasimama, na Bi Kidawa yupo juu yake.

"Mimi si yai, Jumbe. Ni mama wa huyu. Tumekimbia kwetu, nami nikawaacha mnidhanie yai. Nisameheni."

Jumbe akaamua mtoto abaki, mama arudi alikotoka.

Siwema akajikunja tena. "Basi na mimi sijaanguliwa."

Bi Kidawa hakushuka. "Jumbe, huyu mama nimemkalia mvua na jua. Kama si mwanangu, nilikuwa nakalia nini?"

Jumbe akasimama kwa mguu wa kulia, akafikiri. Akasimama kwa wa kushoto, akafikiri. Akaweka yote miwili chini. Mwishowe akaagiza Bi Kidawa apikiwe uji wa mzazi, kwa kuwa amepata mtoto na mjukuu siku moja.

Nami nakomea hapo. Uongo wake niachieni mimi, kweli yake bebeni nyie: undugu si tumbo tu, hata joto ni undugu. Ila msijaribu kumkalia mtu, mimi nilijaribu, nikasukumwa.

Ombi langu ni moja. Akija mgeni akanyamaza mlangoni penu, mpeni maji kwanza, maswali baadaye.