Wafuaji wa Lwangi na Kiti cha Mbele

Isome mpaka mwisho ndipo uitume kwa wenzako, maana wengi huishia katikati halafu wanaanza kuuliza maswali.

Palikuwa na mji mdogo milimani, ukiitwa Lwangi. Mji wenyewe mtaa mmoja tu: kanisa, msikiti, mashine ya kusaga, na chini kabisa mto wenye majabali bapa. Watu wa nje hawakuujua kwa lolote, na wenyewe hawakujali.

Kila Alhamisi wanawake waliteremka mtoni na mabeseni ya nguo kichwani. Huko walikuwa na desturi yao. Mtu akiwa na donge na mwenzake, hakwenda kumgongea mlango. Kumfuata mtu nyumbani kwake na ugomvi ilikuwa aibu kubwa. Alisubiri Alhamisi, akaliimba. Anapiga nguo kwenye jabali huku anaimba kwamba kuna mtu kaazima sufuria, na sasa sufuria imehamia huko moja kwa moja. Hataji jina, lakini wote wanajua. Aliyeimbwa sharti ajibu kwa wimbo, ajitetee au akubali kosa, na wengine wanaitikia huku wanacheka mpaka machozi. Nguo zikikauka, maneno yamekwisha. Jioni unawaona wawili wale wale wakipanda mlima bega kwa bega, wanasimuliana mengine.

Nambua, fundi cherehani, ndiye aliyekuwa na sauti kuliko wote, na ulimi pia. Jabali lake lilikuwa ubavuni mwa jabali la Eliwaza, rafiki yake tangu wote wawili wakiwa hawana meno ya mbele. Waliimbana mara nyingi hao. Kuhusu mbuzi, kuhusu umbea, hata kuhusu chumvi ya kuazima. Lakini uchungu wa uzazi ulipomshika Nambua na mvua imekata barabara, Eliwaza ndiye aliyefika kwa miguu kwenye matope, akampokea mtoto kwa mikono yake. Mtoto huyo wa kike wakamwita Namsifu.

Sasa, siku moja kijana wa mjini gari lake likachemka pale juu. Akateremka mtoni kutafuta maji ya rejeta, akawakuta wanawake katikati ya wimbo. Akatoa simu, akarekodi. Video ikasambaa nchi nzima, na kabla ya mavuno wageni wakaanza kuja.

Asije mtu akakudanganya kwamba watu wa Lwangi walichukia. Walifurahi. Barabara ilichongwa, vijana wakauza mahindi ya kuchoma, na Nambua akashona mikoba ya vitenge mpaka cherehani ikaomba kupumzika. Mtu aliyekuwa hajulikani, leo anapigwa picha na anaambiwa ni mzuri. Nani asingependa?

Ikaundwa kamati ya utalii, na mwenyekiti akawa Bwana Mndeme, mtu mwema, mpenda mji wake kupita kiasi. Alhamisi moja akaja mtoni amevaa koti kwenye jua lile. Akawaeleza akina mama kwamba wageni wengine wanasikia Kiswahili vizuri tu, na hizi nyimbo za sufuria na mbuzi zinaharibu sura ya mji. Akawaletea wimbo aliotunga mwenyewe, unaosema karibuni Lwangi, mji wa upendo. Kisha akagusia habari ya nguo. Zile za shambani zenye matope hazipendezi kwenye picha, kwa hiyo kamati itanunua mashuka meupe.

Basi ungewaona ungecheka. Kila Alhamisi wanawake wazima wanateremka mtoni kufua mashuka safi. Zile nguo zenye uchafu wao walizifua nyumbani Jumatano, kila mtu nyuma ya jiko lake, peke yake, kimya.

Katika kipindi hicho Namsifu akaolewa. Harusi ilijaa, maana Bwana Mndeme alileta na wageni waje kuona ndoa ya milimani. Nambua alizungusha macho uwanja mzima akimtafuta Eliwaza asimwone. Keki ikakatwa, Eliwaza hayupo. Zawadi zikatolewa, hayupo. Usiku alipovua viatu, Nambua alilia, na watu wakadhani ni kwa ajili ya bibi harusi.

Akajipa moyo kwamba Alhamisi haiko mbali, yataisha mtoni kama siku zote. Alhamisi ikafika, wageni wamejaa ukingoni, na wimbo ukawa ule ule wa karibuni Lwangi. Eliwaza alikuwa pale pale kwenye jabali lake, anatabasamu kwenye kamera, wala hakumgeukia. Alhamisi iliyofuata hivyo hivyo. Nambua aliumia kuliko alivyopata kuumia. Kwenda nyumbani kwa Eliwaza hakuweza, maana kwao huko ni kumtusi mtu. Na mahali pa kusemea palikuwa pamepambwa kwa ajili ya watu wengine.

Miezi ikapita. Wale wawili wakawa ndio wanaopigwa picha kuliko wote, eti kwa jinsi wanavyopendeza wakiwa wamesimama pamoja.

Ndipo Nambua akasikia habari mashineni, wakati anasubiri unga. Mtoto wa kiume wa Eliwaza anakuja kumchukua mama yake akaishi naye Dodoma moja kwa moja. Nyumba itapangishwa wageni. Anaondoka Ijumaa, kesho yake baada ya ile Alhamisi kubwa ambayo mgeni rasmi anakuja kuizindua Lwangi kuwa mji wa utalii. Nambua alirudi nyumbani bila unga, akakumbuka akiwa ameshafika mlangoni.

Siku hiyo ikafika. Turubai limefungwa, viti vya vitambaa vyeupe vimepangwa ukingoni, na mgeni rasmi kakaa katikati ya mstari wa mbele. Wanawake wakaanza. Karibuni Lwangi, mji wa upendo. Ubeti wa kwanza ukapita vizuri. Wa pili, Nambua akanyanyua shuka akalipiga jabalini mpaka maji yakawarukia watu, akaanza wimbo ambao haukuwa kwenye ratiba.

"Nina dada nisiyezaliwa naye,
mwanangu alimpokea kwa mikono yake.
Mwanangu kaolewa, nimekutafuta uwanja mzima.
Dada, siku ile ulikuwa wapi?"

Tabasamu la Bwana Mndeme likabaki usoni lakini mwenyewe hakuwa nalo tena. Mgeni mmoja akamuuliza kijana anayewatembeza huyo mama anasema nini, na kijana, maskini, akajibu kwamba anawakaribisha. Wageni wakapiga makofi.

Bibi mmoja kule mwisho, kwa mazoea tu ya miaka, akaitikia: ulikuwa wapi? Wa pili akadaka. Mara wote wanaitikia, na Nambua kasimama maji magotini, anamtazama Eliwaza. Akisusa kujibu, basi kesho anaondoka na ndiyo imekwisha.

Eliwaza alilikunja shuka lake polepole. Kisha naye akapiga.

"Nilikuja, mwenzangu, na kitenge kipya,
zawadi ya mwanetu nimeikumbatia.
Kijana wa mlangoni akanishika mkono:
mama, mbele wanakaa wageni, wewe subiri huko jikoni.
Nikasubiri. Nikakusikia unacheka nao.
Nikarudi nyumbani na zawadi yangu."



Nambua alikumbuka. Kijana wa mlangoni hakujitungia. Ni yeye mwenyewe Nambua, mama mwenye shughuli, aliyesema asubuhi ile ya harusi kwamba viti vya mbele vyote wapewe wageni ili picha zitoke vizuri, watu wa nyumbani wataelewa. Miezi yote hiyo alikuwa amebeba kinyongo ambacho mwenye haki nacho alikuwa mwingine.

Hakujibu kwa wimbo. Alivuka maji, akamshika Eliwaza mkono wenye mapovu, akampandisha ukingoni mbele ya watu wote, moja kwa moja mpaka mstari wa mbele. Akasimama mbele ya mgeni rasmi, akapiga goti kidogo.

"Samahani, mheshimiwa. Naomba kiti hicho," akasema. "Kina mwenyewe, na mimi ndiye niliyemnyima."

Bwana Mndeme alifumba macho. Lakini mgeni rasmi alikuwa mtu mzima, naye alikuwa na dada zake. Aliwatazama wale wanawake wawili waliolowa, wote wanalia. Akainuka, akakifuta kiti kwa leso yake, akasogea kando. Eliwaza akakaa, povu likimchuruzika mpaka viwikoni.

Nambua akamchezea pale pale, peke yake, ile ngoma ambayo mama wa bibi harusi humchezea aliyempokea mtoto. Wenzake wakayaacha mashuka yaelee, wakaingia. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuwazuia tena. Huyu kaimba la sufuria, yule la mpaka wa shamba. Mke wa Bwana Mndeme akaimba habari za mwanamume fulani ambaye wageni anawapokea kwa koti na tabasamu, lakini akifika kwake hata habari ya mchana hamuulizi mtu. Bwana Mndeme alicheka mpaka akalivua koti. Alipomaliza kucheka akamwendea mkewe, akamuuliza mchana wake umekuwaje.

Ijumaa gari la Dodoma lilikuja. Likarudi limejaa viazi na ndizi, mama hayumo. Alimwambia mwanawe atakwenda kumsalimia Krismasi, akae wiki, arudi kwake.

Wageni bado wanakwenda Lwangi, na wanapokelewa vizuri sana. Lakini wanapelekwa mtoni Jumamosi, kwenye mashuka meupe na wimbo wa Bwana Mndeme, ambao kusema kweli si mbaya. Alhamisi njia ya mtoni inafungwa kwa mti, na aliyekwenda kuuweka huo mti ni Bwana Mndeme mwenyewe. Siku hiyo zinateremka nguo za shamba zenye matope, na sauti zinasikika mpaka barabarani.

Funzo: Mgeni mpe kiti kizuri, lakini tazama kwanza unamwinua nani ili umkalishe, usije ukaonekana mwema kwa watu wanaopita, na wale wa siku zote umewaacha wamesimama nyuma ya jiko.