Kisu cha Ndalahwa

"Kisu kilichorushwa hakina mwenyewe." Maneno hayo aliyasema Bibi Kaselya huku akikamua masega barazani, wala hakuinua uso. Wajukuu zake walikuwa wametoka sokoni kumtazama mfanya mazingaombwe aliyerusha visu ubaoni, na sasa walibishana juu ya kisu kizuri cha kujilinda njiani. Waliposikia hivyo, mmoja akauliza msemo huo umetoka wapi.

"Umetoka kinywani mwa mwizi," Bibi akajibu. Na ulitoka hivi.

Katika msitu wa Igalamba waliishi warina asali. Mrina hupanda mti mrefu akiwa na kamba kiunoni, kienge cha moshi mkono mmoja na kisu mkono wa pili. Kisu kikimponyoka huko juu, huweza kumwua aliye chini, au kumlazimu mrina kushuka na kuacha sega nusu, nyuki wakiwa wamekwisha kasirika. Ndiyo maana kila mrina alikifunga kisu chake kwa ugwe wa ngozi, ncha moja kwenye mpini, ya pili kwenye kifundo cha mkono. Msituni ugwe haukufunguliwa hata wakati wa kula.

Ndalahwa alikuwa kijana hodari wa kupanda, na alijijua. Mwaka ule wanyang'anyi walianza kuvizia njia ya msituni na kupokonya watu asali. Wazee waliagiza warina watembee wawili wawili. Ndalahwa aliona hiyo ni dawa ya waoga. Kwa fikira zake, mnyang'anyi alistahili kuangushwa angali mbali. Basi akaukata ugwe, kwa kuwa kisu chenye ugwe hakiruki, akaanza kujifundisha kurusha. Alisimama nyuma ya nyumba ya mama yake akiulenga mpapai, asubuhi na jioni, mpaka kisu kikawa kinazama shinani kila anapokirusha. Kwenye ngoma ya mavuno alikirusha mbele ya watu wote, na wasichana wakampigia vigelegele.

Kasembe, mjomba wake, ndiye aliyekuwa mwenzake wa safari. Alilitazama lile shina lililojaa matundu, akasema, "Mpapai umekufa. Sasa papai tutakula la nani?"

Watu wakacheka. Ndalahwa hakupenda. "Cheka tu, mjomba. Siku tutakayokutana nao utaniita baba."

"Nitakuita hata bibi, mradi ugwe uwe mkononi. Mpapai unakungoja, mpwa wangu. Mtu hakungoji."

Ndalahwa aliona huo ni wivu wa mtu aliyekwisha kuzeeka.

Hazikupita siku nyingi, yeye na mjomba wake wakawa wanarudi mchana kutoka kambi yao ya kurinia, kila mmoja na kasha la gome kichwani, limejaa asali. Walipoteremka bondeni, watu wawili walitoka kichakani wakasimama njiani. Walikuwa na marungu tu. Mmoja wao, mrefu, mwenye ngozi ya mbuzi begani, alisema kwa upole kama mtu anayeomba maji, "Tueni mizigo. Asali ibaki, nyinyi piteni salama."

Kasembe akaanza kutua. "Tua, Ndalahwa. Nyuki watatengeneza nyingine."

Ndalahwa alitua, lakini macho yake yalikuwa yamekwisha kupima. Yule mrefu alisimama mbali naye kama ulivyokuwa mpapai, si mbele wala nyuma. Akachomoa kisu, akarusha.

Mtu akiona mkono umeinuka hasimami kama shina. Yule mrefu alipiga hatua mbele, na kisu, kilichokuwa bado kinajizungusha hewani, kilimgonga kifuani kwa mpini. Kikaanguka miguuni pake. Aliguna, akajisugua kifua, akainama akakiokota.

"Ahsante, kijana," alisema. "Nilikuja na rungu. Sasa nina kisu pia."

Ndalahwa aliutazama mkono wake mtupu. Neno pekee lililomjia lilikuwa neno la mtoto. "Hicho kisu changu. Nirudishie."

Mwizi wa pili alicheka mpaka akaliegemea rungu lake. Yule mrefu hakucheka. "Kilikuwa chako kilipokuwa mkononi mwako. Kisu kilichorushwa hakina mwenyewe."

Kisha akamjia. Habari ya asali ilikuwa imekwisha, kwa sababu mtu aliyejaribu kukuua huwezi kumpa mgongo. Ndalahwa alirudi nyuma hadi mti ukamzuia. Hakuwa na cha kushika, hata jiwe. Alijua kuwa atakufa kwa kisu alichokinoa mwenyewe.

Kasembe akaingia kati, kisu chake mkononi. Pigo lililokusudiwa tumbo la mpwa wake lilimpata yeye kwenye kiganja cha kulia, likakata mishipa ya vidole. Kisu chake kikamponyoka, lakini hakikufika chini. Kilining'inia kwenye ugwe. Akakivuta kwa mkono wa kushoto, akakielekeza kooni mwa yule mrefu, akakishika hapo.

"Asali ile pale," alisema akihema. "Hapa kuna kufa tu. Chagueni."

Wezi wakatazamana. Walikuwa wametoka nyumbani kutafuta asali, hawakutoka kutafuta kaburi. Wakabeba makasha yote mawili wakaenda zao, na kisu cha Ndalahwa kikaenda nao.

Ndalahwa alirarua shuka lake akamfunga mjomba jeraha. Njiani akasema, "Mjomba, asingesogea ile hatua moja, ningempata."

"Ungempata. Na yule wa pili ungemrushia nini, papai?"

Kasembe alicheka, kisha maumivu yakamkatiza kicheko. Ndalahwa alilia njia yote iliyobaki, na mjomba wake akajifanya hasikii.

Jeraha lilipona, lakini vidole havikukunjika tena, na asiyeweza kushika kamba hapandi mti. Tangu siku ile Ndalahwa alipanda kwa ajili ya nyumba mbili, akirina mizinga yake na ya mjomba, hadi Kasembe alipokufa. Enzi za uhai wake, watu walipomwuliza mzee yule mkono wake umepatwa na nini, aliwajibu kwa maneno ya mwizi, akisema kwamba mwizi naye akisema kweli apewe haki yake.

"Kwa hiyo, Bibi, kurusha kisu hakufai kabisa?" wakauliza wajukuu.

"Kunafaa sana sokoni. Ubao haujapata kumrudishia mtu kisu." Bibi Kaselya akafuta mikono. "Njiani, silaha ni ile ambayo ukiisha kuitumia bado unayo. Na si visu peke yake. Hata neno ulilonalo juu ya mwenzako, ukilitupa kwa hasira, jioni utalikuta mkononi mwake, amelinoa. Ndiyo maana tunasema: kisu kilichorushwa hakina mwenyewe."