Sarafu Zilizocheza Ngoma

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mnaosinzia? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani, zamani sana, katika kijiji ambacho jina lake nimelisahau, alikuwako mjane akiitwa Siwatu. Marehemu mumewe, Mbwego, alikuwa mcheza ngoma. Akitikisa manyanga, vile vibuyu vyenye vijiwe ndani, chaka-chaka-chwa, hata kuku waliacha kudonoa.

Siku moja Siwatu alikwenda sokoni na sarafu tano. Muuza mtama akazigeuza. Lo! Zilijaa vishimo, huku vishimo, huku vishimo, kama uso wa mtu aliyeugua ndui.

"Umezigonga nyundo!" akafoka. "Unatengeneza za bandia!"

Jumbe, mkuu wa kijiji, akasema, "Jieleze, Siwatu. La sivyo, hama kijiji."

Siwatu akavuta kanga usoni. Angekirije? Kijijini kwao chombo cha marehemu hakivunjwi mpaka mwaka utimie. Naye, siku ya mvua, kuni zimelowa, alipasua manyanga ya mumewe awashie moto. Vijiwe vikamwagika, na sarafu pamoja navyo.

Akaitwa Bi Mwatumu, kikongwe aliyesugua vyombo vya shaba vya kijiji kizima. Akaishika sarafu. Akainusa. Akapitisha ukucha ukingoni, taratibu, taratibu.

"Nyundo huacha bapa," akasema. "Bapa silioni. Ukwaju wa kusugulia shaba hula, ukaacha wekundu. Wekundu siuoni. Vishimo hivi ni vidogo, pande zote, hadi ukingoni. Hizi zimerukaruka na vijiwe miaka mingi."

Akazitia katika kibuyu kitupu pamoja na changarawe, akatikisa. Chaka-chaka-chwa. Watu wakasogea karibu. Chaka-chaka-chwa. Miguu ya watu ikaanza kucheza yenyewe. Moshi ukasimama hewani, jua likasinzia, na Siwatu akamwona Mbwego akipita katikati ya watu, vumbi likimfika magotini, anatabasamu.

"Niliyavunja, bibi!" Siwatu akalia. "Nilishikwa na baridi."

"Najua, mwanangu. Na yeye alijua. Nani hutia fedha ndani ya manyanga, kama si mtu anayejua ipo siku mkewe atayavunja?"

Jumbe akainamisha kichwa. Muuza mtama akapima vibaba vitano, akachukua sarafu nne. Ya tano akamrudishia Siwatu kiganjani, akakifumba.

Basi, wanangu, mkiona alama msiyoijua, ulizeni kwanza kitu hicho kimepita wapi. Hadithi yangu naiweka chini papa hapa, na manyanga yalale.