Ukoko wa Mshamu

"Aliyehamia barazani haulizii ukoko."

Ndivyo nilivyomwambia mjukuu wangu Swedi asubuhi, na yeye na dada yake Mwanahawa wameniganda mpaka sasa, wanataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Swedi ana miaka kumi na minne. Juzi alitangaza kwamba mtu asiingie chumbani kwake bila kupiga hodi, na leo kanijia na shati lake la shule, ananiuliza kwa nini halijafuliwa. Basi kaeni. Methali hii ilianza hivi, na ninaijua vizuri kwa sababu walioianzisha ni kaka yangu Mshamu na mimi mwenyewe, nikiwa na miaka kumi.

Kwetu ni Rufiji, bondeni kwenye mpunga. Siku hizo nyumba yetu ilikula sehemu mbili. Wanaume walikula barazani, sinia moja, na jirani yeyote aliyepita alikaribishwa. Mama na sisi watoto tulikula jikoni. Sinia la barazani lilikuwa na heshima yake, lakini sufuria ilibaki jikoni, na chini ya sufuria kulikuwa na ukoko. Mimi na Mshamu tuliukwangua na kugawana nusu kwa nusu, na kila siku tuligombana juu ya nusu ipi kubwa.

Mwaka huo Mshamu alitimiza miaka kumi na mitano, na mwili wake ukamkimbia. Miguu ilitangulia, mikono ikafuata, na sauti haikujua iende wapi. Aliweza kuanza salamu kwa sauti ya baba akaimaliza kwa sauti yangu. Juu ya mdomo alikuwa na nywele saba. Nilizihesabu akiwa amelala, akaamka akanipiga kofi. Akawa hacheki tena mbele za watu, na mimi niliyezoea kumwita jina lake nikaambiwa niseme "kaka".

Mchana mmoja mama alitutengea chakula, Mshamu akabaki amesimama.

"Mimi sili tena jikoni," alisema. "Jikoni ni kwa wanawake na watoto."

Mama alimtazama kutoka juu hadi chini, na ilikuwa safari ndefu. "Haya, baba. Barazani hapajai."

Alikuwa na sababu yake. Mpunga ulikuwa umeanza kutoa mashuke, na Ijumaa iliyokuwa inakuja wanaume wangegawana madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo anamokaa mtu kulinda shamba dhidi ya ndege na ngedere. Dungu hakupewa anayekula jikoni. Kibwana, rafiki yake waliyetoka naye jandoni siku moja, alikuwa na dungu lake tangu mwaka uliopita, na alilitaja kila walipokutana, hata kama mazungumzo yalikuwa ya samaki. Mshamu alitaka dungu kuliko alivyotaka kitu chochote duniani.

Sasa sikilizeni kawaida ya barazani. Aliye mdogo kuliko wote ndiye anayewanawisha wenzake. Anashika birika na bakuli, anawazungukia kuanzia mkubwa mpaka mdogo, kisha ananawa yeye. Hagusi samaki mpaka mkubwa ammege na kumsukumia kipande. Na mkubwa akisema "alhamdulillahi", mikono yote inatoka siniani. Mkubwa wetu alikuwa baba mkubwa, Mzee Mpili. Huyu alifanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya mkonge, akazoea kula kabla kengele haijalia. Kengele aliiacha huko, haraka akarudi nayo nyumbani.

Siku ya kwanza Mshamu aliwanawisha wanaume saba. Alipomaliza kunawa mwenyewe alipata matonge mawili, la tatu likiwa mkononi, Mzee Mpili akamshukuru Mungu. Siku ya pili alinawisha mbiombio, akammwagia Mzee Mpili maji kwenye kanzu, akapewa mawaidha marefu. Wenzake walikula wakati yeye anasikiliza. Siku ya tatu aliamua kuchangia mazungumzo. Wanaume walikuwa wanajadili mpaka wa shamba, akasema, "Mimi naona," na hapo sauti ikapanda juu ikamwacha. Hakuna aliyecheka. Wote walitazama makuti ya paa, na hilo lilimuumiza zaidi.

Mimi huku nyuma nilikuwa nanenepa. Ukoko wote ulikuwa wangu. Simfichi mtu: nilimkumbuka Mshamu, lakini sikumkumbuka wakati wa kula.

Alhamisi, wanaume walipokuwa wanamaliza, aliingia jikoni akinyata. Mama alikuwa kisimani.

"Dada Somoe," alisema. Hakuwahi kuniita hivyo. "Huo ukoko vipi?"

"Mtamu."

"Nigawie kidogo."

"Si unakula barazani?"

"Nakula. Nataka kuonja tu."

"Kaonje barazani."

Akaishika sufuria, nami nikaishika. Alivuta, nikavuta, masizi yakahamia kwenye kanzu yake nyeupe na kwenye gauni langu. Akachomoa pande kubwa kuliko yote, akalitia mdomoni zima. Hapohapo Mzee Mpili akaita, "Mshamu, maji."

Akatoka mbio. Mimi nikamfuata mpaka mlangoni, nimejaa hasira.

Ukoko ni kitu kigumu. Huwezi kuumeza bila kuutafuna, na ukiutafuna unasikika mpaka kwa jirani. Mshamu aliinama mbele ya wazee wake, mashavu yamevimba, kifua cheusi, anamimina maji kwa adabu kubwa.

"Una nini mdomoni?" Mzee Mpili aliuliza.

Mshamu akatikisa kichwa.

"Nakuuliza wewe, mwanangu. Jino linakuuma?"

Akakubali kwa kichwa, na pale akakosea akatafuna. Baraza zima likasikia.

"Ukoko wangu huo," nilisema. "Yeye si kahamia barazani? Aliyehamia barazani haulizii ukoko."

Wanaume walicheka mpaka mmoja akaegemea nguzo. Mzee Mpili aliyarudia maneno yangu taratibu, na kesho yake, watu walipotoka msikitini, kila mmoja alikuwa nayo mdomoni. Wakasema binti ya Mzee Mbonde, baba yangu, ana hekima. Haikuwa hekima, wajukuu zangu. Ulikuwa uroho.

Lakini pale barazani nilimwona Mshamu ameshusha macho, machozi yanamlengalenga, nikajua nimemnyang'anya dungu lake. Nilitamani niumeze ulimi wangu.

Baba hakucheka sana. Alimwacha mwanawe amalize kutafuna, kisha akasema, "Kesho utachukua dungu la mwisho, la karibu na mto."

Mshamu akainua macho.

"Mwenye njaa hasinzii," alisema Mzee Mpili. "Ndege hawatamweza."

"Na mama yako atakupa sufuria ndogo," baba akaendelea. "Dunguni mtu hujipikia. Ukoko wa huko hutamwomba mtu."

Siku yake ya tatu dunguni nilitumwa kumpelekea chumvi. Nilimkuta amepika. Wali wote ulikuwa ukoko, juu mpaka chini, mweusi. Alinikaribisha kama mgeni, akaniwekea nusu, akala ya kwake bila kukunja uso. Ulikuwa mchungu, nikaula wote.

Miaka mitatu baadaye nilivunja ungo. Nilikaa ndani siku zangu, nikafundwa, nikatoka na kanga mbili mpya, najiona mtu mzima kweli. Mchana huo mama aliepua sufuria, akampa mdogo wetu Zuhura kijiko cha kukwangulia. Alinipita kama vile sikuwahi kukwangua maisha yangu yote. Nikaenda uani nikalia, na sikuwa na njaa.

Mshamu akanikuta. Siku hizo alikuwa na ndevu za kweli, na sauti yake ilikuwa imetulia mahali pamoja. Nikangoja anicheke, maana alikuwa na haki. Hakunicheka. Aliketi kando yangu, na maneno yale nikayasema mimi mwenyewe, safari hii bila uroho:

"Aliyehamia barazani haulizii ukoko."