Pimbi Alivyokwenda Kutazama Wayo Wake

"Nianze, nisianze?"
"Anza!"
"Masikio mmekuja nayo?"
"Tumekuja nayo!"
"Na wewe huko nyuma unayesinzia? Haya, kaa hivyo hivyo. Hadithi yenyewe ina usingizi."

Ilikuwa nchi ya ukungu. Asubuhi miti huioni, unaisikia tu ikidondosha umande, to, to, to. Chemchemi ilikuwa moja, na wanyama walikuwa karibu kumchagua mlinzi wake. Kiboko aliutaka ulinzi huo kufa na kupona.

"Nikishika mimi," alisema, "nakunywa, naoga, halafu nyie mtakunywa kitakachobaki."

Pimbi, yule mnyama mdogo wa kwenye mawe, alimtazama mwanawe mwenye midomo mikavu, akaogopa kweli.

Desturi ya huko, anayetaka kupiga kura huenda kwenye ukuta wa udongo kando ya chemchemi, akakandamiza wayo wake, pwacha! Kisha Korongo, ndiye karani, huuacha udongo mbichi siku chache, kila mmoja aje atazame wayo wake. Umefutika? Kandamiza tena. Jua likishaukausha ukuta, basi tena: asiye na wayo hapigi kura wala hapigiwi.

Wakaenda. Digidigi, pwacha. Nungunungu, pwacha. Pimbi, pwacha. Kiboko, PWAAACHA! Wakarudi kulala, maana ukungu ule ulikuwa mzito na mtamu kama blanketi.

Pimbi akaota yuko ukutani, anatafuta wayo wake, anatafuta, haupo. Akashtuka. "Hee! Ndoto gani hii? Ngoja nikatazame."

Akaenda, chapu chapu chapu. Ndani ya ukungu akasikia kitu kikijisugua. Loo, Kiboko! Anafuta nyayo za wadogo kwa tumbo. Wa Digidigi, fyuu. Wa Nungunungu, fyuu. Wa Pimbi, fyuu. Akageuka aondoke, na lile kalio lake pana likapita juu ya wayo wake mwenyewe, fyuuuu! Hata hakuangalia nyuma.

Pimbi alitamani kupiga kelele kwa hasira. Akajikaza, akazunguka, akakutana naye njiani.

"Shikamoo, mzee."
"Marahaba. Wapi asubuhi yote hii?"
"Kukagua wayo wangu. Twende wote?"
"Aa, unajisumbua bure! Rudi ukalale."
"Kweli, mzee. Ila na wewe usiende. Mkubwa akionekana anakagua, watasema ana wasiwasi."
"Ho ho ho! Mimi, wasiwasi?" Akaenda kulala.

Pimbi akawaamsha wenzake mmoja mmoja.

"Lakini mimi nilishajiandikisha," Digidigi akapiga miayo.
"Ulijiandikisha, sawa. Umekwenda kutazama? Inuka!"

Wakakandamiza upya, pwacha, pwacha, pwacha. Ukungu ukapanda taratibu, jua likatoka, udongo ukakauka kau!

Siku ya kura Kiboko alikuja amejipaka tope jipya, anang'aa. Korongo akapitisha mdomo ukutani polepole, mwanzo hadi mwisho.

"Kiboko simwoni."
"Nilikandamiza kila mtu akiona!"
"Ulikuja kukagua?"
Kiboko akageuka kumtafuta Pimbi kwa macho.

Wakamchagua Nungunungu. Mtoto wa Pimbi akanywa, gubi, gubi, gubi, mpaka tumbo likawa ngoma.

Nimeutua mzigo wangu. Mwenye bega aubebe. Mnataka funzo? Ukishajiandikisha, usihangaike kwenda kukagua. Hiyo ni kazi ya wadogo. Wewe ni mkubwa, kalale.