Tumbo la Obdulia

Hapo zamani, wala si zamani sana, Wahispania walipokwisha kupigana wenyewe kwa wenyewe, walioshindwa hawakurudi wote nyumbani. Wengine walibaki milimani na bunduki zao, wakipigana vita ambavyo ulimwengu ulikuwa umekwisha kuvisahau.

Mmoja wao alikuwa Eladio. Mkewe, Obdulia, aliishi kijijini na mama mkwe wake, Herminia. Mara mojamoja Obdulia alipanda mlimani kama mtu aendaye kuokota kuni, mkate ukiwa chini ya shali. Huko alimkuta mumewe, na huko akashika mimba.

Mke wa mtu wa msituni ataficha mkate, ataficha risasi, tumbo atalifichaje? Sajini wa askari alimwita, akamwambia kwa upole, "Mama, ulisema mumeo amekufa. Wafu hawazalishi. Basi yuko wapi?"

Obdulia akainamisha macho. Akaviona viatu vyake vilivyoshonwa juzi. Akasema mimba ni ya Benigno, fundi viatu.

Benigno hakuwa ameulizwa. Alikuwa kapera, mguu mmoja mfupi, na hata mkono wa Obdulia hakuwahi kuugusa. Alipoletwa alimtazama mwanamke yule, akaelewa, akasema, "Ni yangu." Wanaume wa kijiji wakamcheka: mguu mfupi, kumbe njia ya kwa jirani anaijua. Naye akacheka nao.

Herminia aliujua ukweli. Lakini aliona sajini bado ana shaka. Basi akamtoa mkwewe nje mchana kweupe, akamtupia matandiko, akamtemea mate, akamlaani hadi majirani wakaziba masikio. Askari wakaamini. Kijiji kikaamini. Maneno yakapanda mlima, yakamfikia Eladio, naye Eladio akaamini.

Alijua kwamba alilala na mkewe. Lakini alijiambia: mama yangu hawezi kumlaani hivyo mwanamke asiye na kosa.

Siku mtoto alipobatizwa, Eladio alishuka, akaingia kibandani kwa Benigno na kisu mkononi.

"Fundi, mtoto ni wa nani?"

"Ni wako. Wangu ni uongo tu."

Kisu kikamwanguka. Eladio akalia kwa sauti, na kilio cha mwanamume hakipiti bila kusikika. Askari wakaja. Wakampiga risasi mlangoni, wakamchukua Benigno, wakamrudisha baadaye vidole vyote vimevunjwa.

Eladio alizikwa nje ya ukuta wa makaburi, bila padri. Watatu waliobaki walipokutana pale, Herminia alisema, "Nimemuua mimi. Nililaani vizuri mno."

"La, mama," Benigno akasema. "Ningemwambia mtoto ni wangu, angenichoma kisu kimyakimya, akarudi mlimani hai."

Obdulia alimkumbatia mtoto, akiwaza kwamba angeweza kumtaja mpita njia yeyote, mchuuzi asiye na jina, na mtu kama huyo Eladio asingempata. Akawaza pia juu ya marehemu, aliyeuamini ulimi wa mama kuliko usiku wake mwenyewe. Wazo hilo akalionea haya, na mvua ikaanza kuwanyea.

Mtoto sasa anajifunza kusema. Punde atauliza. Msiniambie ni askari. Risasi ilikuwa yao, hilo hata mbwa wa kijiji wanalijua. Je, katika hawa wanne waliopendana hivi, nani alimuua Eladio?