Kwa Nini Kuta za Nambiru Zina Viganja

Iko miaka ambayo kuta za kijiji cha Nambiru zilikuwa laini kama ganda la yai. Mkandikaji aliyeacha hata alama ya kidole kwenye udongo alichekwa mpaka mkewe akaona haya. Wala hakuwapo aliyelainisha ukuta kumshinda Chinguile, mwana wa Abilanga; huko mtu huitwa kwa jina la mama yake.

Muda mfupi baada ya Vita vya Maji Maji, mifupa mikubwa ilikuwa bado imelala juu ya kilima cha Nambiru. Wazee waliinyunyizia unga wa mtama, wakisema ni ya zimwi. Akaja Mdachi mmoja, Mjerumani mwenye elimu ya mawe. Alisema ni ya mnyama aliyeishi kabla hajakuwako mtu, na katika hilo hakukosea. Mifupa ikachimbwa, ikazungushiwa mianzi, ikakandikwa udongo mwekundu isivunjike njiani, ikachukuliwa kichwani mwendo wa siku nne mpaka bandari ya Lindi. Mkandikaji mkuu akawa Chinguile. Mdogo wake, Mtenje, akawa mpagazi.

Safari ya tatu Mtenje hakurudi. Aliteleza kwenye mteremko akiwa na kipande cha mfupa wa paja, mzigo ukamvunja shingo. Wenzake walimzika kando ya njia. Mzigo akapewa mwingine.

Chinguile alimwendea karani Shomari, mtu wa Pwani.

"Karani, mdogo wangu mmemwandikaje?"

"Mpagazi wa sitini na mbili. Nimeshamkata daftarini."

"Ana jina. Mtenje, mwana wa Abilanga. Liandike juu ya mfupa uliomuua."

Shomari akacheka. "Bwana we, mnyama ana jina tayari. Kapewa la mheshimiwa mmoja wa Ulaya."

"Huyo alichimba?"

"Hata Lindi haijui."

"Basi amebeba nini?"

"Kapake udongo, mzee. Ndiyo kazi yako."

Akaenda akapaka udongo. Mzigo wa kwanza hakuulainisha. Alikita kiganja katikati, vidole vyote vitano, akatamka, "Mtenje, mwana wa Abilanga." Wa pili vivyo hivyo. Wakandikaji wenzake, ambao kila mmoja alikuwa amefiwa na mtu wake njiani, wakafuata. Nyapara aliwachapa viboko. Wakakita tena.

Mizigo ilivuka bahari. Baada ya miaka mingi alirudi mwenyeji mmoja aliyekwenda nayo, mpishi wa melini, jina lake Likwata. Alisema mifupa imeunganishwa, imesimamishwa katika jumba kubwa, shingo yakaribia dari, na watu hupanga foleni kuitazama.

"Na viganja vyetu?" Chinguile aliuliza.

"Udongo waliuvunja kwa nyundo, kaka. Wakaufagia."

Chinguile alikanda udongo, akaupaka kando ya mlango wake mwenyewe, akakita kiganja kwa nguvu mpaka fito zikalia, akamtaja mdogo wake.

"Huu," akamwambia Likwata, "waje waufagie."

Na tangu siku hiyo, Nambiru, nyumba haihesabiwi imekwisha mpaka kando ya mlango pakitwe kiganja, na mwenye kukikita ataje mmoja wa waliokufa njia ya Lindi, jina lake na la mama yake. Mvua ikikifuta, hukitwa kingine. Wageni wangali wanakuja na kamera, wakiuliza kilima kiko wapi. Hakuna anayewaonyesha njia kabla hawajasimama mbele ya ukuta na kuyataja majina yote wanayotajiwa, moja moja, bila kukosea.